Mchana Baada ya Puto

Jumatatu, 3 Juni

Wifi yangu, assalamu alaikum. U hali gani? Goti lako linakuruhusu kupanda zile ngazi? Watoto je, na binti yako wa mwisho ameshaacha kung'ata kucha? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Presha imetulia, na usingizi unakuja siku ukipenda.

Simu zangu hupokei, basi nimenunua daftari. Daftari halikati. Nitakuandikia msimu wote, siku yenye neno neno, siku yenye maneno maneno, na mvua zikianza nitalitia katika bahasha nikutumie. Ukitaka kulitupa ulitupe, lakini angalau utakuwa umelishika.

Ninachotaka unakijua. Siku nilipotoka eda ulikuja na sanduku tupu ukasema, "Fungasha nguo, twende kwangu." Nami nikakujibu kwamba mimi si kabati la marehemu hata nigawiwe ndugu. Ukalibeba sanduku lako tupu ukatoka, hukugeuka nyuma. Tangu siku hiyo, kimya. Nataka kujua kama bado mimi ni wifi yako. Hilo tu. Chumba sikiulizii.

Leo msimu wa maputo ya kupandisha wageni umefunguliwa. Abiria sita, upepo wa mtoni. Nimerudi nyumbani salama.

Jumanne, 4 Juni

Upepo wa mtoni tena. Dereva mpya, aliyeachiwa gari la ndugu yako, tangu alfajiri hadi alasiri amesema "sawa" mara nne. Nimezihesabu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekumbuka kwamba kazi yetu huijui vizuri, maana ndugu yako hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa akirudi anasema "tumefika" na kuvua viatu.

Ni hivi. Puto linajazwa moto kabla ya jua kutoka. Mimi nasali alfajiri yangu nyuma ya gari, na ule moto unanguruma kama simba mwenye mafua, lakini nimeshazoea, hata tahiyatu hainipotei. Watu wanapanda kapuni na rubani, wanapaa. Puto halina usukani. Linakwenda upepo unakotaka, na sisi tunalifuata chini kwa gari, redio mkononi, tukipita njia za ng'ombe. Saa mbili hivi linashuka, wanakunywa chai palepale nyasini, na rubani anawaambia, "Sasa nawakabidhi kwa Mama Mchana." Huyo ni mimi. Asubuhi ni yake, mchana ni wangu.

Upepo ukilitupa puto upande wa mto, nawapeleka daraja la zamani, kwa wafinyanzi, halafu kile kituo cha treni kilichogeuzwa makumbusho. Ukilitupa upande wa vilima, tunakwenda maporomoko na kumalizia pangoni. Siku yangu anaipanga Mungu kwa upepo, mimi nabeba maji ya kunywa tu.

Ndugu yako ndiye aliyegundua siri ya kazi hii. Aliniambia mwaka wetu wa pili, "Mtu aliyetoka juu usimpandishe tena juu. Mpe kitu cha kushika." Ni kweli kabisa. Wakishuka wana macho ya ajabu, ardhi wanaiona kama zulia la mtu mwingine. Mpe udongo aufinyange, mtie miguu kwenye maji baridi, mkalishe penye kivuli kizito, utamwona anarudi taratibu mpaka anaanza kuulizia choo. Hapo ujue ameshatua.

Sasa karani wa ofisi, msichana mzuri tu, ametoa karatasi yenye rangi: mambo saba ya kufanya baada ya puto. La kwanza, kupanda mnara wa saa.

Nikamwambia, "Mwanangu, hawa wametoka mbinguni sasa hivi. Mnarani wakaone nini?"

"Wageni wanapenda picha za juu, mama."

"Wanazo tangu asubuhi, simu zimejaa."

"Lakini karatasi imeshachapishwa."

"Basi karatasi tuipandishe mnarani, wageni niachie."

Dereva mpya akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka, lakini kwa huyo mtu huwezi kuapa.

Alhamisi, 20 Juni

Abiria tisa, upepo wa mtoni. Wameinunua meza nzima ya mfinyanzi. Jioni nimepika, nikala nusu, nusu nikampelekea jirani ambaye hakuomba. Amepokea kwa adabu. Ni sahani ya kumi mwezi huu, maskini, hata njaa haoni.

Ijumaa, 28 Juni

Huyu dereva nimempa jina Kimya. Ni mtu mzima, mvi mbili tatu, amekuja kutoka kampuni ya mabasi. Anaendesha vizuri, siwezi kusema uongo siku ya Ijumaa. Lakini hashuki. Tukifika mahali, abiria wanatelemka, yeye mikono usukanini kana kwamba utaibiwa. Chakula anakula mlemle garini, vioo vimefungwa.

Na ananiharibia hesabu. Ndugu yako, miaka kumi na tisa, alikuwa anasimama nje karibu na mlango, anafuta kile kioo cha pembeni kwa kitambaa, mpaka niseme "wametimia." Ndipo anaingia. Kwa hiyo mimi nilikuwa nahesabu vichwa vyote vilivyokaa, basi. Sasa inabidi nihesabu halafu nimtoe Kimya. Kumi, toa dereva, tisa. Kila kituo namtoa mtu, na kila nikimtoa najua namtoa kwenye kiti cha nani.

Jumapili, 7 Julai

Hakuna kazi leo. Nimejikuta nikizunguka sebuleni nikisema, "Kulia kwenu mnaliona jiko, lina umri wa miaka kumi na minne." Nimecheka peke yangu. Halafu nikanyamaza, kwa sababu kicheko cha mtu mmoja kina mwangwi.

Nimekupigia mara mbili.

Jumatano, 17 Julai

Ukungu. Puto halikupaa. Abiria wameikasirikia mbingu, wakanitazama mimi. Nikawapeleka mnara wa saa. Wasiopaa ndio wanaoutaka, na karani amefurahi sana.

Alhamisi, 18 Julai

Ukungu.

Ijumaa, 19 Julai

Ukungu. Mnara. Magoti yananiambia mambo ambayo sitayaandika.

Jumatatu, 5 Agosti

Upepo umegeuka. Siku ya tano mfululizo unatutupa vilimani. Leo kulikuwa na mume na mke wapya, hawajamaliza hata mwezi. Pangoni yule mume aliniuliza, "Mama, na wewe baba yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko nje." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kijana akageuka kabisa kumtafuta, akamwona Kimya ndani ya gari anatafuna, akatabasamu akasema, "Ana bahati."

Nikaenda nyuma ya gari nikanawa uso kwa maji ya kunywa.

Jumanne, 6 Agosti

Vilimani.

Jumatano, 7 Agosti

Vilimani. Nilikuta chupa ya maji kwenye kiti changu. Sikujua ni ya nani, nikampa abiria. Kimya akaitazama ikienda.

Jumamosi, 24 Agosti

Abiria wanane. Nimekosea hesabu maporomoko, nikadhani wametimia, kumbe mama mmoja bado anafunga kamba za viatu. Alikuja akikimbia akicheka. Ni dakika moja tu, lakini njiani nilihesabu tena mara tatu. Nimemwomba Mungu anipe akili za kutosha kumaliza msimu. Kazi hii ndiyo mahali pekee ambapo kuna mtu wa kuniita siku nzima.

Ijumaa, 13 Septemba

Wifi, haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Nianzie penye uchungu, nawe usikasirike. Saa mbili asubuhi, abiria wakinywa chai nyasini, nilikupigia. Simu ikapokelewa. Alikuwa binti yako. Nikamsalimia, nikamwambia nipe mama. Nikakusikia, wifi. Nilikusikia nyuma yake ukisema, "Mwambie sipo." Mtoto akasema, "Anti, mama anasema hayupo." Hajui kudanganya, Mungu amtunze. Nikamwambia haya, msalimie akirudi.

Basi siku nzima nilikuwa natembea na maneno hayo. Nilieleza maporomoko, nilieleza pango, mdomo unakwenda wenyewe. Abiria walikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, bibi wa miaka sabini na kitu, peke yake. Asubuhi alituchekesha sana, akasema wanawe wamemlipia puto ili wapumzike naye kidogo, na kama wangekuwa na uwezo zaidi wangemlipia roketi.

Saa nane tukaondoka pangoni. Nikasimama mlangoni nikahesabu vichwa. Tisa. Nikasema, "Wametimia," tukaenda.

Saa tisa na nusu tumefika hotelini, wote wameshuka, kila mtu na mwenzake, wakaaga na kutawanyika. Napita viti kuokota makopo, nakuta mkoba wa kitambaa na sweta chini ya kiti cha nyuma. Nililishika lile sweta, nikalitambua: la mwalimu.

Nikamwambia Kimya, "Mmoja hayupo."

"Ulihesabu ngapi?"

"Tisa."

Akanigeukia. "Pamoja na mimi?"

Hakungoja jibu. Aligeuza gari palepale mbele ya mlinzi wa hoteli, tukarudi vilimani. Na katika watu wanane hakuna hata mmoja aliyesema "mbona yule bibi hayupo," kwa sababu aliyekuja peke yake hana wa kumuulizia. Hilo nililifikiria kilomita zote.

Njiani nilishindwa kunyamaza. Nikamweleza Kimya yote. Mume wangu, mlango, kioo cha pembeni, miaka kumi na tisa. Nikamwambia kwamba kila siku namtoa kichwani, na leo nimesahau kumtoa kwa sababu akili yangu ilikuwa mahali pengine. Yeye anaendesha tu, macho barabarani. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake tangu Juni.

"Mama, ungeniambia nisimame nje, ningesimama."

Nikamwambia nilidhani ni mtu wa kujivuna.

"Huko kwenye mabasi, dereva akiacha usukani na abiria wako njiani, anafukuzwa. Nikadhani na hapa ni hivyo. Na kula garini, ofisini waliniambia umefiwa, nikafikiri hutaki kuona mtu mwingine mezani pa marehemu." Akabadilisha gia. "Ile chupa ya maji nayo ulimpa mgeni."

Wifi, miezi mitatu na zaidi. Nilikuwa nimeshamhukumu mtu na kumfungia faili, kumbe alikuwa ananistahi.

Tulifika pangoni saa kumi na moja. Mlinzi wa pango ameshafunga kibanda chake amekwenda. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni mwa pango, viatu amevivua na kuvipanga pembeni, mikono imekunjwa magotini. Nilimkimbilia, nikaanza kuomba msamaha, maneno yanagongana.

"Taratibu," akasema. "Nimelifundisha pango zima kukaa kimya. Darasa zuri, halikunisumbua."

"Mama, nimekosa. Nimekosa sana."

"Nilikwenda nyuma ya lile jiwe kuswali adhuhuri. Nikamaliza, nikasikia gari. Nikajua mtarudi." Akawa anavaa viatu, kamba zinamshinda, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameogopa. Nikapiga goti nikamfunga mimi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wanyama wa porini hawakunitisha. Nilikuwa najiuliza mtakumbuka saa ngapi."

Tukarudi, amekaa mbele, katikati yangu na Kimya, sweta mabegani. Jua linazama. Akaniuliza, "Na wewe leo usipofika nyumbani, nani atajua?"

Nikafikiri kwa ukweli, maana mtu kama huyo humdanganyi. "Huyu dereva," nikasema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri, akiona sijatokea."

"Basi ni usiku mzima."

"Ndiyo, mwalimu."

Alinishika mkono mpaka hotelini.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda mwenyewe kwa mwenye kampuni kabla hajasikia kwa wengine. Ni mtu wa haki lakini si mwepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Mchana, kumsahau mtu ni jambo ambalo siwezi kulifunika. Kaa nyumbani wiki mbili. Nitaamua kama unarudi."

"Sawa."

"Karani atachukua wageni."

"Atawapandisha mnarani."

"Waache wapande," akasema.

Jumanne, 17 Septemba

Nyumbani.

Alhamisi, 19 Septemba

Nyumbani. Leo sijasema neno na mtu yeyote ila Mola wangu. Hata jirani hakutokea, nadhani amechoka na sahani zangu.

Jumapili, 22 Septemba

Alasiri kulikuwa na hodi. Nilifikiri ni wewe. Nilifunga khanga upya na kufika mlangoni nimepoteza pumzi. Alikuwa Kimya na mkewe, wamekuja kunijulia hali. Mke anaongea kwa niaba ya wote wawili, ndiyo maana mwenzake amebaki bila maneno. Walikaa saa nzima. Walipoondoka nyumba ilikuwa tupu kuliko kabla hawajaja, lakini ningependa warudi.

Nikaanza kufikiri siku ile ya sanduku. Nilipofungua mlango ulikuwa na macho mekundu, wifi, na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Mimi niliona mtu aliyekuja kunichukua kama mali. Sikukukaribisha hata maji. Sikukuuliza wewe umelalaje tangu afe. Alikuwa mume wangu miaka kumi na tisa, lakini alikuwa kaka yako tangu ulipozaliwa, na ninyi mlikuwa wawili tu. Miezi minne na siku kumi watu walikuja kunipa pole mimi. Wewe nani alikupa?

Jumamosi, 28 Septemba

Mwenye kampuni ameniita. "Mwalimu amepiga simu," akasema. "Anasema akija tena anataka mchana na wewe. Puto anasema tunaweza kuliacha." Akajaribu kutocheka. "Na karani amewapandisha watu mnarani wiki mbili, wananiuliza mbona safari nzima ni ngazi. Rudi Jumatatu."

Jumatatu, 30 Septemba

Upepo wa mtoni, abiria saba. Darajani nilipogeuka kuhesabu, Kimya alikuwa amesimama nje karibu na mlango. Mikono hajui aiweke wapi, ameificha nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini. Nilihesabu vizuri. Nikasema, "Wametimia," naye akaingia.

Jumanne, 1 Oktoba

Nilimwambia akae ndani, jua ni kali. Nimeshajifunza kutoa mmoja. Mchana amekula mezani pamoja nami, mkewe alikuwa ametufungia chakula sote wawili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mawingu. Upepo hauamui. Rubani anatazama juu na kutukana kwa heshima.

Jumatano, 16 Oktoba

Manyunyu. Puto halikupaa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua, tangu usiku. Leo tumelikunja puto, watu kumi na wawili tumelikanyaga hewa itoke, likaingia kwenye gunia lake. Msimu umefungwa. Mwenye kampuni ametupa mkono mmoja mmoja, akaniambia nafasi yangu ya Juni ipo. Kwa hiyo, wifi, ninayokuandikia sasa hayaandikwi na mtu aliyefukuzwa wala mwenye njaa.

Siku ya kwanza niliandika kwamba chumba sikiulizii. Hicho kilikuwa kiburi, nakifuta. Nakiulizia. Mpaka Juni hakuna kazi, na ningependa miezi hiyo niikae kwako. Msimu ukifika nitarudi huku, ukiisha nitakuja tena, kama utanivumilia. Nitapika kwa zamu, ngazi nitapanda mimi na vitu vyako, na jioni tutamzungumzia, kwa sababu hapa hakuna mtu wa kuzungumza naye habari za ndugu yako akiwa mdogo. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari. Ya kabla ya hapo unayo wewe peke yako.

Maneno yale ya kabati nilikukosea. Nisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ulikuja mwenyewe umefiwa, nikakufungia mlango.

Kama jibu ni hapana, niambie hapana, lakini uniambie wewe, usimtume mtoto. Nitaipokea. Jumatatu asubuhi Kimya atalipeleka daftari hili posta, na mimi kuanzia wiki ijayo nipo nyumbani kutwa, simu iko mezani. Wasalimie wote. Tafadhali, wifi yangu, nijibu upesi.